Kasubi: Nyumba ya nyasi inayolinda wafalme wa Buganda

Jioni ya Machi 16, 2010, moto ulizuka juu ya kilima cha Kasubi, takriban kilomita tano kutoka katikati ya jiji la Kampala. Usiku uleule nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea. Watu waliomiminika kilimani kuokoa walichoweza waliishia kulia mbele ya nguzo zinazoungua.

Kesho yake, Rais Yoweri Museveni alipokwenda kuona hasara, umati wenye hasira ulijaribu kumzuia asiingie. Risasi zilifyatuliwa na watu wakapoteza maisha. Miezi michache nyuma, Septemba 2009, serikali na ufalme walikuwa wamegongana hadi damu ikamwagika mitaani, hivyo moto wa Kasubi ulitua juu ya kidonda kibichi.

Julai 2010, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiingiza Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ilikaa humo miaka 13. Ilitolewa Septemba 2023, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana Riyadh, Saudi Arabia, na kuridhika kwamba nyumba imesimama tena.

Nyumba ya miti, matete na nyasi inahitajije miaka 13? Fedha ni sehemu ya jibu, na siasa ni sehemu nyingine. Lakini sehemu kubwa inatokana na namna Kasubi yenyewe ilivyo. Kila kipande cha nyumba ile kina mwenyewe: upo ukoo unaoezeka, upo ukoo unaopamba, upo ukoo wenye dhamana ya nguo za magome, na wapo wanawake wanaokaa na wafalme usiku na mchana. Nyasi unaweza kuzikata porini. Haki ya kuzipandisha juu ya paa lile, na ujuzi wa kuzifunga zikae miaka mingi, havipatikani porini.

Ikulu iliyogeuka makaburi

Kilima hiki zamani kiliitwa Nabulagala. Mwaka 1882 Kabaka, yaani mfalme, Muteesa I alijenga hapo ikulu yake, na alipofariki Oktoba 1884 alizikwa ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi. Ikulu ikawa masiro, jina ambalo Baganda huyaita makaburi ya wafalme wao.

Mazishi hayo yalivunja desturi ya vizazi vingi. Makabaka waliotangulia walizikwa kila mmoja mahali pake, wengi wao katika wilaya ya kale ya Busiro. Tena mwili wa mfalme haukuzikwa mzima. Taya la chini lilitenganishwa, likapambwa kwa shanga na simbi, kisha likahifadhiwa katika nyumba yake ya pekee, kwa imani kwamba roho ya mfalme hukaa humo na kuendelea kusema na watu wake. Baba yake Muteesa, Kabaka Suuna II, ana masiro yake huko Wamala.

Muteesa I alizikwa na taya lake. Baada yake, warithi watatu walilazwa palepale: mwanawe Mwanga II, mjukuu wake Daudi Chwa II, na kitukuu chake Edward Muteesa II. Kwa hiyo Kasubi ndiyo masiro pekee yenye makabaka wanne chini ya paa moja, na ndiyo maana ilipita nyingine zote kwa uzito.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa bahati. Utawala wa Muteesa I ndio uliofungua Buganda kwa dunia ya nje, na njia ya kwanza ilitokea pwani yetu. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Suuna II mwaka 1844 na kuanza kufundisha Uislamu. Muteesa aliuendeleza, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, akajifunza Kiswahili na kusoma herufi za Kiarabu. Msafiri Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1875, alimwachia Kabaka kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, Dallington Maftaa, na mafundisho ya Biblia katika ikulu yake yakaendeshwa kwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879. Mfalme aliyezikwa Kasubi mwaka 1884 alikuwa amesikiliza dini zote hizo bila kuitupa ya wazee wake, na namna alivyozikwa inaonyesha alivyosimama katikati.

Nyumba inavyosimama

Eneo lote la Kasubi ni karibu hekta 27. Sehemu kubwa ni mashamba kwenye miteremko, na masiro yako juu. Mgeni hupokelewa na Bujjabukula, nyumba ya lango, ambamo walinzi hukaa nyuma ya ukuta wa matete uliosukwa kwa namna inayowawezesha kumwona anayekuja kabla yeye hajawaona. Kutoka hapo anaingia ua mdogo wenye nyumba ya ngoma za kifalme, Ndoga-Obukaba. Kisha uwanja mkuu unafunguka, umezungushiwa ua wa matete na nyumba za wajane wa makabaka, na mbele kabisa inasimama Muzibu-Azaala-Mpanga.

Ukiitazama kutoka nje, kwanza huoni ukuta. Paa lake la nyasi linashuka mpaka karibu na ardhi pande zote, mithili ya kawa kubwa iliyofunikwa juu ya kilima, na mahali pekee palipoachwa wazi ni mlangoni, ambapo nyasi zimekatwa kwa upinde mpana ulio chini. Kipenyo cha nyumba kwa nje ni kama mita 31, na ndani kimo chake ni mita saba na nusu. Wengi wetu tukisikia msonge tunawazia kibanda cha kijijini. Kasubi inaonyesha msonge unaweza kufika wapi ukipewa mafundi, muda na heshima.

Siri ya paa iko chini ya nyasi. Ukiinua macho ukiwa ndani unaona pete zilizofungwa kwa ustadi, moja ndani ya nyingine, zikipungua kuelekea kileleni. Pete hizo ni 52, na zinahesabiwa kuwa koo 52 za Buganda. Kila Muganda ana ukoo, na ukoo wake una pete pale juu. Anayeingia kumwamkia mfalme anaingia chini ya jamii yake yote. Mpangilio wa jamii umefanywa muundo wa jengo, na jengo likatoa hoja ambayo katiba nyingi huhangaika kuiandika: kwamba mfalme hukaa chini ya koo zinazombeba.

Nguzo zimevikwa lubugo, nguo ya magome ya mti wa mutuba. Fundi hulibandua gome la ndani wakati wa mvua, hulifunika shina kwa majani ya migomba ili lipone, kisha hulitwanga gome kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali mpaka linakuwa laini, pana, lenye rangi ya udongo mwekundu. Mti huohuo huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Kazi hii iko mikononi mwa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao wa kurithi aitwaye Kaboggoza, ambaye kwa vizazi ameutengenezea ufalme nguo zake. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005.

Kasubi haijawahi kuwa kitu kilichoganda. Mnamo mwaka 1938, enzi ya Daudi Chwa II, nyumba kuu ilijengwa upya kwa kutiwa nguzo za zege na vyuma ndani, huku sura yake na desturi zake zikibaki. Kinachodumu pale ni utaratibu wa nani anafanya nini, kwa miko ipi.

Mfalme hafi

Katika Buganda mtu mwenye adabu hasemi Kabaka amekufa. Husema ameuficha mkono wake. Katika ikulu ya mfalme aliye hai kuna moto wa Ggombolola unaowaka langoni usiku na mchana, na Kabaka anapotoweka moto huo huzimwa hadi arithiwe.

Imani hiyo ndiyo iliyopanga nyumba kwa ndani. Sakafu imetandikwa nyasi na mikeka. Wageni huvua viatu, huketi chini, na wanawake hujifunga vazi refu la heshima. Mbele yao yako majukwaa manne, moja kwa kila Kabaka, yenye mikuki, ngao na picha. Nyuma ya majukwaa, pazia kubwa la magome linakata nyumba katikati. Upande wa pili wa pazia huitwa Kibira, msitu. Huko ndiko wafalme walikoingia, na huko ndiko wanakokaa. Mgeni haruhusiwi kupita. Wanaoingia ni wajane, watu wa familia ya kifalme, Nnalinya ambaye ni mkuu wa kiroho wa masiro, na Katikkiro, msimamizi wake.

Kwa hiyo anayekwenda Kasubi kwa heshima ya Kiganda haendi makaburini. Anakwenda barazani. Wapo wanaopeleka shida zao, wapo wanaokwenda kushukuru, wapo wanaoketi tu kimya. Wengi ni Wakristo na Waislamu waliotoka kusali kanisani na msikitini, na hawaoni kwamba kuwasalimu wazee waliowatangulia kunawatoa katika dini yao. Mwaka 2001 UNESCO ilipoitia Kasubi katika orodha ya Urithi wa Dunia, ilitaja wazi kwamba thamani yake kubwa zaidi iko katika imani, roho, mwendelezo na utambulisho wa watu. Hayo hayapimwi kwa futikamba.

Wanawake na koo wanaoshika zamu

Mkuu wa masiro kiroho ni mwanamke. Nnalinya, binti wa ukoo wa kifalme anayehesabiwa kuwa dada wa Kabaka, ndiye mwenye sauti kuhusu miko na ibada za mahali pale, huku Katikkiro wa masiro akishika utawala wa kila siku.

Kisha kuna wajane. Wake wa Muteesa I wote walishafariki miaka mingi iliyopita, lakini nafasi zao hazikufariki. Mjane akifa, ukoo wake hutoa mwanamke mwingine ashike nafasi yake, akae katika nyumba yake na kuendeleza zamu ya kumhudumia mfalme. Wanawake hawa husuka mikeka, hutunza sakafu, hupokea wageni na huwaeleza vijana habari za makabaka kama watu wanaozungumzia jamaa walio chumba cha pili. Maktaba ya Kasubi ni wao.

Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, chini ya mkuu wa waezekaji mwenye cheo cha Wabulaakayole. Kupamba ni kazi ya ukoo wa Ngo. Waezekaji wakiwa kazini hufuata miko mikali: hujitenga na wake zao, na wanawake hawaingii ndani ya nyumba mpaka kazi ikamilike. Msomaji wa leo anaweza kutokubaliana na baadhi ya miko hiyo. Hata hivyo ni vizuri aone ilichofanya: iliifanya kuezeka kuwa wajibu mzito ambao fundi hawezi kuuchukulia kama kibarua cha siku moja.

Wanne waliolala Kasubi

Historia ya Uganda ya miaka mia moja inaweza kusomwa kwa kutembea kutoka jukwaa la kwanza hadi la nne.

Muteesa I ndiye aliyefungua mlango. Mwanga II alirithi vurugu zilizoingia kupitia mlango huo. Akiwa kijana aliamuru kuuawa kwa wafuasi wa dini mpya, na 22 kati yao, Wakatoliki, walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Mwaka 1897 aliwapiga vita Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani kusini. Hatimaye alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyekuwa hasimu wa ufalme wake na kisha mwenzake wa vita. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na masalia yake yakarudishwa Kasubi mwaka 1910. Kabalega alifariki mwaka 1923 akiwa Jinja, njiani kurudi kwao, na kaburi lake liko Mparo, Hoima.

Daudi Chwa II alitawazwa mwaka 1897 akiwa mtoto wa mwaka mmoja. Mkataba wa mwaka 1900, uliogawa ardhi ya Buganda na kufunga ufalme ndani ya ukoloni, ulitiwa saini na watawala wa niaba wakiongozwa na Apolo Kagwa. Chwa alitawala hadi mwaka 1939.

Edward Muteesa II alipelekwa Uingereza kwa nguvu mwaka 1953 na Gavana Andrew Cohen, akarudi mwaka 1955 kwa shangwe, na mwaka 1963 akawa Rais wa kwanza wa Uganda. Mei 24, 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote yakiongozwa na Idi Amin yalivamia ikulu yake ya Mengo. Alitoroka kupitia Burundi na kufia London mwaka 1969, wakati falme zote za Uganda zilikuwa zimekwisha kufutwa. Mwaka 1971 Amin huyohuyo, akiwa sasa mtawala wa nchi, aliurudisha mwili wake, ukalazwa Kasubi.

Wawili kati ya wanne walifia ugenini, wakiwa wameondolewa na madola yaliyodhani kumwondoa mtu ni kuumaliza ufalme. Masiro yaliwapokea wote wawili. Kati ya mwaka 1967 na 1993, wakati Buganda haikuwa na Kabaka anayetambuliwa kisheria, wajane hawakuondoka Kasubi na zamu hazikukatika. Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa Julai 31, 1993, alirithi kiti chenye watu waliokuwa wamekilinda.

Majivu na matofali

Moto wa mwaka 2010 haukuyafikia makaburi yaliyo ardhini. Ulichoteketeza ni nyumba pamoja na vitu vingi vya ukumbusho, na chanzo chake bado kinazungumzwa kwa uchungu hadi leo.

Watu hawakukaa kusubiri. Charles Peter Mayiga, aliyekuwa Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda mwaka 2013, alizunguka wilaya kwa wilaya na kampeni ya Ettoffaali, akiwaomba watu wachangie tofali. Matajiri walitoa, wauza ndizi walitoa, na watoto wa shule walitoa. Japani ilisaidia kupitia UNESCO, hasa katika kinga dhidi ya moto. Baada ya muda, fedha za kusimamisha jengo zilipatikana.

Ugumu ulijitokeza mahali ambapo fedha haifiki haraka. Paa la ukubwa ule linahitaji nyasi nyingi zilizokomaa, na mashamba yaliyozitoa zamani sasa yana nyumba, viwanda na barabara. Linahitaji mikono mingi inayojua kupanga nyasi tabaka kwa tabaka zisivuje wala kuteleza, na wengi wa wenye mikono hiyo walikuwa wazee. Wakati wa amani paa hufanyiwa marekebisho kidogokidogo, na kijana hujifunza kwa kumshikia mzee ngazi. Paa likiungua lote kwa usiku mmoja, wanafunzi na walimu wanatakiwa wote kwa pamoja. Hapo ndipo ilipoonekana jinsi darasa lilivyokuwa limepungua miaka mingi kabla ya moto.

Hili ndilo ninaloliona kuwa fundisho la Kasubi, na halihusu Buganda peke yake. Eneo letu lote lina majengo ya jamaa hii: misonge ya Wahaya wa Bukoba, ikulu ya nyasi iliyojengwa upya Nyanza nchini Rwanda, boma la ngoma la Gishora karibu na Gitega nchini Burundi. Serikali zetu zikitaka kuyahifadhi huanza na uzio, kibao na tiketi. Vitu hivyo vina kazi yake. Lakini nyumba ya nyasi ina umri wake, na jua, mvua na mchwa huifikisha mwisho hata moto usipokuja. Anayetaka kuihifadhi lazima ahifadhi watu wanaojua kuijenga tena.

Hiyo ina maana ya bajeti iliyo wazi. Mwezekaji mkuu alipwe kama mwalimu, na vijana walio chini yake walipwe posho ya uanagenzi, ili kijana wa Ngeye asilazimike kuchagua kati ya cheo cha babu yake na pikipiki ya bodaboda. Mashamba ya nyasi yatengwe na kulindwa kisheria, kwa kuwa bila hayo hata fundi bora atakaa mikono mitupu. Mituba ipandwe kwenye miteremko ya Kasubi yenyewe, palipo na ardhi ya kutosha. Maelezo ya wajane na ya wakuu wa koo yarekodiwe kwa Luganda wakiwa bado na nguvu, kwa masharti wanayoyakubali wao, na siri za Kibira ziachwe Kibira. Matangi ya maji na mafunzo ya kuzima moto yakaguliwe kila mwaka na watu walio tayari kuwajibika.

Shule zetu nazo zina deni. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hufundishwa piramidi za Misri kama ushahidi kwamba Afrika ilijenga, na ni haki afundishwe. Afundishwe pia kwamba watu wanaoishi mwendo wa basi kutoka kwake walibuni jengo linaloweka katiba ya jamii katika paa, linalotumia mti bila kuuua, na linalodai lijengwe upya na kila kizazi. Piramidi haimhitaji mtu wa leo ili isimame. Muzibu-Azaala-Mpanga inamhitaji, na kwa sababu hiyo imebaki kuwa mali ya watu walio hai.

Nyasi zilizoezekwa katika ujenzi huu zitachoka, kama zilivyochoka zote kabla yake. Kazi ya serikali ya Uganda, ya ufalme ulioko Mengo na yetu sote tunaojiita warithi wa eneo hili ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, wenye kujua kazi watakuwa wengi kuliko ilivyokuwa mwaka 2010. Kuwaandaa kunachukua miaka, na miaka hiyo imekwisha kuanza kuhesabika.